Aliyeshika Usukani Siku Ile Karibu na Makere

Kasulu, Jumapili mchana

Irakoze mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa mama Eliza, na najua kichwa chako kitachukua saa tatu kamili kwa sababu ninyi mnaongea kuliko mnavyosuka. Saa tatu hizo ndizo nilizo nazo. Saa kumi na moja ndugu watakuwa wamejaa sebuleni kwa sala ya kukuaga, na kesho alfajiri unaondoka. Tangu turudi kanisani nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili ambayo hayakuwa na haraka yoyote, nimefua pazia la jikoni, nimepanga upya vyombo vilivyokuwa vimepangwa. Sasa nimeishiwa kazi za kujifichia.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kuangalia begi lako kwenye basi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajulia hukohuko Mwanza. Nina jambo moja tu, na limeanzia kwenye karatasi mbili nilizozikuta Alhamisi chini ya kiti cha gari.

Ni zile karatasi nyeupe zenye herufi L nyekundu, tulizobandika mbele na nyuma siku ulipopata leseni ya kujifunzia. Ulikuwa umezibandua kwa uangalifu, hata pembe hazikuchanika. Nikakufuata jikoni.

"Ira, zile L za gari ziko wapi?"

"Nimezitoa, mama."

"Kwa nini?"

"Watu wananiangalia. Bodaboda wa pale kona wananiita Lena. 'Lena! Lena, kanyaga breki, ukuta unakuja!' Na mimi siko hivyo tena. Naendesha kuliko nusu ya watu wenye leseni mji huu."

Ukasimama na mwiko mkononi, ukingoja nikukaripie. Nilisema, "Zirudishe," nikatoka. Nafikiri uliona nimekasirika. Sikukasirika. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Miaka kumi na moja iliyopita mimi nilibandua karatasi kama zile kwenye gari jingine, kwa sababu ileile.

Kwanza niseme la haki. Ni kweli unaendesha vizuri. Nimekaa kushoto kwako tangu lena yako, hiyo leseni ya kujifunzia, ilipotoka na nimeona unavyopunguza gia kabla mteremko haujaanza, wala hungoji gari likukumbushe. Nimeona ulivyovuka lile tope la kwenda Buhigwe mvua ilipotukuta, umenyamaza, umelegeza mabega, unaacha magurudumu yatafute njia yenyewe. Mimi mwalimu wa fizikia ningeweza kukuandikia ubaoni msuguano ni nini, lakini mikononi mwako msuguano unauelewa kuliko mimi. Sina wasiwasi na hicho chuo cha udereva unachokwenda Mwanza. Sina wasiwasi na siku utakapopanda gari na trafiki ameketi pembeni yako. Utafaulu, na ukishindwa mara ya kwanza utafaulu ya pili. Baada ya hapo utapanda daraja kwa daraja mpaka uyafikie hayo magari makubwa unayoyataka.

Nimejiuliza umeyatoa wapi hayo magari makubwa. Katika ukoo wetu mzima aliyewahi kuyapenda ni mtu mmoja tu, na ndiye tunayemcheka.

Unakumbuka siku lena yako ilipofika? Babu Zakayo alikuwa amekuja kutoka Mabamba, ameketi barazani anatafuna mhindi. Nikasema, "Likizo hii mjomba akae na Ira kwenye gari, ameendesha lori miaka ishirini." Nawe ukaruka: "Mimi nifundishwe na Babu Mawese? Nijifunze kuvunja watu miguu?"

Alicheka yeye kabla ya wote. "Mtoto ana akili huyu," akasema. "Mtafutieni mwalimu asiyenuka mawese." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, Irakoze.

Habari unayoijua ni hii: Babu Zakayo, mjomba wangu, mdogo wake bibi yako, alikuwa anatoka Kasulu kwenda Kibondo na pikapu yake. Karibu na Makere akamgonga mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya mawese. Mtu akavunjika mguu, barabara ikawa nyekundu kwa mafuta, na Zakayo akanyang'anywa leseni mwaka mzima. Tajiri wake akampa lori mtu mwingine. Akarudi Mabamba kulima, na jina la Babu Mawese likamfuata hadi shambani. Habari hiyo yote ni ya kweli isipokuwa mahali pamoja. Zakayo hakuwa kwenye usukani. Nilikuwa mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo, na sitaifuta.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu ukubwa wa kosa langu haumo kwenye kile kishindo. Kishindo kilikuwa cha dakika moja. Kosa lilianza miezi mingi kabla.

Nilikuzaa mwaka niliomaliza kidato cha nne. Baba yako alikwisha kwenda zake, na bibi yako akasema, "Mtoto niachie, wewe rudi darasani." Nikarudi. Kidato cha tano, cha sita, chuo kikuu. Nilikuwa nakuja Mabamba likizo na kila likizo nilikukuta mrefu zaidi na unanishangaa zaidi. Nilipopata kazi hapa Kasulu nilikuwa na miaka ishirini na mitano na wewe una saba. Nikapewa nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili. Kimoja nilikifagia kwa ajili yako kabla sijafungua hata mfuko wangu wa nguo.

Nikamwomba mjomba Zakayo anifundishe gari. Alikuwa ameendesha malori ya chakula kwenda kambi ya Mtabila mpaka ilipofungwa, kisha akapata lori la tajiri mmoja hapa mjini, na alikuwa na pikapu yake kuukuu, ileile unayoiona Mabamba juu ya matofali, kuku wanataga ndani. Alikuwa mwalimu wa ajabu. Wiki ya kwanza hakuniwashia injini. Alinitembeza kwa miguu barabara nitakayoendesha, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, akinionyesha mahali mbuzi wanapovukia na mahali watoto wa shule wanapotokea nyuma ya ua wa migomba. "Barabara ina wenyewe," alisema. "Wewe na gari lako ni wageni. Mgeni hubisha hodi." Ndipo akanikalisha kwenye kiti.

Nikapata lena. Ilikuwa ya miezi mitatu, na ilipokwisha nilipaswa kwenda kujaribiwa. Sikwenda. Nikaiongeza muda. Ikaisha tena, nikaongeza tena. Zakayo akawa ananiuliza, "Mpwa wangu, lini?" Nikawa na jibu la maana sana. Nilimwambia nina woga niliourithi.

Unajua babu yako mzaa mimi alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana kwa sababu jina lake lilikuwa limesomwa kwenye karatasi. Alitulea akituambia: mtu mwenye kofia akisimama na orodha na kuita jina lako, usiitike haraka. Angalia kwanza yuko nani nyuma yake. Na jaribio la udereva, Irakoze, ni hivyo hasa. Mnasimama uwanjani, afande ana kofia, ana orodha, anaita jina. Nikamwambia Zakayo kwamba nikifikiria kuitwa vile, naona siwezi kuitika. Zakayo aliyemjua baba yangu akainamisha kichwa.

Ulikuwa uongo. Sikuujua kuwa ni uongo wakati huo, na hiyo ndiyo hatari ya mtu aliyesoma kama mimi, anayekaa na kujichunguza: anaweza kujitafutia sababu nzuri mpaka akaiamini. Jina langu liliitwa kidato cha tano nikaitika. Liliitwa siku ya mahafali mbele ya watu mia kadhaa nikaitika haraka, tena nikitabasamu. Kilichonizuia ni kwamba uwanja wa jaribio uko wazi, watu wanasimama kutazama, na wazazi wa wanafunzi wangu wangeweza kuniona nikiangusha nguzo kwa kurudi nyuma vibaya. Mwalimu wa fizikia! Nilichukua hofu ya baba yangu, aliyoipata kwa machozi, nikaivaa juu ya kiburi changu ili kisionekane. Katika yote ninayokuandikia leo, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, hata kuliko mguu wa mtu.

Na zile L nikazibandua. Wanafunzi walikuwa wamezichora ubaoni. Nilikuta siku moja, L kubwa, chini yake wameandika: "Mwalimu bado anajifunza." Leo ningewaachia ubao hivyohivyo, ni maneno mazuri ya kuandika darasani. Siku ile nilifuta, nikaenda nyumbani kwa Zakayo, nikabandua karatasi mbele na nyuma, nikamwambia zimeanguka.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tunakwenda Mabamba kukuchukua wewe. Bibi alikuwa amekufungia nguo zako kwenye mfuko. Lena yangu ilikuwa imekwisha siku kumi na mbili kabla, nami sikumwambia mjomba. Nikashika usukani nikiwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo usiku, vumbi limelala, barabara wakati huo ilikuwa bado ya udongo. Nilikuwa naimba.

Kabla ya Makere, upande wa kushoto, nikamwona mama mmoja mzee wa kwaya ya kanisa letu, amejitwisha kikapu. Alituona, akasimama, akaanza kutuamkia. Unajua mama wa Kiha anavyoamkia. Aliinama kidogo, kikapu kichwani hakikutikisika, akapiga makofi yale ya taratibu, "Mwakeye! Mwakeye neza!" Na mimi niliyelelewa na bibi yako, niliyechapwa kwa kumwamkia mkubwa kwa mkono mmoja, nilifanya nilichofundishwa tangu nikiwa na miaka mitatu. Niliinama, nikaitika kwa makofi, kwa mikono yote miwili.

Usukani ukabaki peke yake.

Zakayo alipaza sauti. Sikumbuki alisema nini. Gari lilikwenda kulia, kulikuwa na shimo, likavuta zaidi, na mbele yake kulikuwa na mtu na baiskeli na madumu mawili ya njano. Nilikanyaga breki nikiwa nimechelewa. Yule mtu akaanza kusema, "Yoo, mguu wangu. Yoo, mama." Mawese yalikuwa yanatoka kwenye dumu kwa sauti, glu, glu, glu. Nilidhani ni damu.

Zakayo alishuka, akamtazama yule mtu, akamfunga mguu kwa shati lake na vijiti viwili. Kisha akarudi mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa bado nimekaa.

"Lena iko wapi?" aliuliza.

"Imekwisha, mjomba."

"Lini?"

"Siku kumi na mbili."

"Na zile L hazikuanguka."

"Hazikuanguka."

Akafungua mlango. "Hama. Kaa kule."

"Mjomba..."

"Hama, nimesema. Kazi umepata juzi. Wakikuweka ndani leo, mtoto atalelewa na nani? Yuko kule amekaa juu ya mfuko wake anakungoja. Mimi nina leseni, wewe huna. Hama!"

Nikahama, Irakoze. Ilinichukua muda wa mtu kuhama kiti. Trafiki walipofika, mjomba alikuwa amesimama upande wa kulia, mikono nyuma. "Nilikuwa naendesha mimi, afande." Yule mama wa kwaya alikuwa amekimbilia kijijini kuita watu, na aliporudi aliona alichokiona: Zakayo anaongea na afande, mimi nimekaa kushoto nalia. Walioulizwa walisema hivyo.

Nilifika Mabamba siku ya pili yake, kwa lori la mahindi. Ulikuwa umelala juu ya ule mfuko. Bibi aliniambia ulikataa kuingia ndani tangu jana, kwamba ulisema, "Mama akija asione nimelala, ataniacha." Nilikubeba. Nilijiambia: kwa hili, kunyamaza kwangu ni halali. Na kwa muda labda ilikuwa hivyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba uliota mizizi hapa, ukaanza darasa la kwanza, ukajifunza kunicheka, na kila siku iliyopita ingeweza kuwa siku ya kusema. Ukiwa na miaka minane hakuna aliyekuwa anataka kuninyang'anya wewe. Wala kumi. Wala kumi na tano. Bado nikanyamaza, maana mjomba alikwisha kulizoea jina lake, na wengine wote tulilizoea zaidi yake.

Yule mtu aliitwa Method. Nilikwenda kumwona hospitali, nikampelekea uji, nikajitambulisha kuwa mpwa wa dereva. Alinishukuru. Alisema familia yetu ina utu.

Miezi sita baadaye nilikwenda kujaribiwa, na nataka uijue siku hiyo kwa sababu yako inakuja. Afande aliita jina langu, nikaitika. Alama za barabarani nilizijibu zote. Kupanda mlima, kusimama, kuondoka bila gari kurudi nyuma, nikafanya. Kurudi nyuma kati ya nguzo nikaangusha nguzo mbili, na ya tatu nikaipanda juu. Mzazi wa mwanafunzi wangu alikuwepo, kama nilivyoogopa miezi yote ile. Unajua alisema nini? "Mwalimu, hizo nguzo zina tabu, hata mimi ziliniangusha. Jaribu tena Alhamisi, asubuhi kabla jua halijakuchoma machoni." Basi. Hicho ndicho nilichokikimbia mpaka nikamvunja mtu mguu. Alhamisi nilifaulu. Leseni ilipotoka niliiweka kwenye droo, na sikumwonyesha mtu, maana mtu wa kwanza ambaye ningemwonyesha alikuwa analima mihogo akiwa hana ya kwake.

Baada ya kuziona karatasi zako Alhamisi nilipiga simu Ijumaa. Nilitaka kumwomba ruhusa.

"Mjomba, nataka kumwambia Ira."

"Kumwambia nini?"

"Habari ya Makere."

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga.

"Wewe mtoto," akasema, "unataka kuninyang'anya ajali yangu? Nimeilima, nimeipalilia, leo inazaa unakuja na kikapu?"

"Si yako, mjomba."

"Aa! Mwulize mtu yeyote kuanzia Mabamba mpaka Kasulu, ni ya nani."

Akacheka, mimi nikashindwa kucheka, naye akaacha. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini. "Mimi watu siwajali. Ni Tereza tu." Tereza ni mke wake, tuliyemzika mwaka juzi. "Kila nikipanda hata baiskeli alikuwa ananiambia, taratibu baba, usije ukaua mtu. Sikumwambia. Nilisema nikimwambia yeye atakuchukia wewe. Ningependa Tereza angesikia."

Kuna deni la maneno ambalo mtu akichelewa halipokelewi tena, kwa sababu aliyepaswa kulipokea hayupo. Ukitaka kuchukua kitu kimoja kwangu ukaenda nacho, chukua hicho.

Jana nilikuambia nakwenda kwenye kikao cha walimu. Sikwenda kikao. Nilikwenda Makere. Method ana duka dogo sasa, anatembea akiegemea upande mmoja. Nilimwamkia, akanipa stuli, nikamwambia yote bila kukaa. Alinisikiliza akipanga vibiriti.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuona."

"Ulinionaje?"

"Kwa macho. Nilikuona unapiga makofi. Nikasema moyoni, dada huyu ana heshima, ananiamkia mimi muuza mawese. Nikaachia baiskeli nikuitikie."

"Uliachia baiskeli?"

"Mikono yote miwili. Ningekuwa nimeishika ningeisukuma pembeni. Tuliamkiana, mwalimu, ndiyo tukagongana."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa polisi.

"Yule mzee alisema ni yeye, na alikuwa ananifunga mguu kwa shati lake. Ningebishana vipi na mtu aliye kifua wazi kwa ajili yangu? Na wewe ulikuja na uji. Nikasema, watakuja kusema wenyewe." Akanitazama. "Mmechukua muda."

"Nimechukua mimi," nikamwambia.

"Haya. Umefika. Kaa sasa."

Nikakaa. Tukaongea habari za watoto wake. Hakunisamehe kwa maneno na sikumwomba anisamehe, lakini alinifungia vitunguu kwenye gazeti, ndivyo vile ulivyoviona jikoni ukauliza vikao vya walimu vimeanza lini kugawa vitunguu.

Kwa hiyo leo jioni, ndugu wakishakula, nitasimama na kusema. Mjomba ameweka sharti hilo: "Baada ya kula. Ukisema kabla watalia na wali utapoa." Nitawaambia wote waliomwita Babu Mawese, na nitaanza na mimi niliyecheka pamoja nao. Siogopi kama nilivyodhani nitaogopa. Nimekaa mbele ya madarasa miaka kumi na moja, sauti yangu naijua. Lakini sikutaka wewe usikie pamoja na wengine, umebeba sinia, huna mahali pa kuuweka uso wako. Ulistahili kusikia kwanza na peke yako. Ndiyo maana barua.

Utakuwa na hasira, na unayo haki. Huenda ukauliza kama yote niliyokufundisha kuhusu kusema kweli yalikuwa bure. Hayakuwa bure. Niliyajua kwa sababu nilikuwa naishi na kinyume chake kila siku, na nilitaka wewe uwe mahali ambapo mimi sikuwa. Na upo. Ulipoulizwa Alhamisi L ziko wapi, ulijibu, "Nimezitoa." Mimi nilisema zimeanguka. Hiyo tofauti ndogo kati yetu ndiyo inayonipa usingizi. Uache kiburi cha kuonekana umefika. Hicho umekitoa kwangu na nakuomba unirudishie. Lakini ule ulimi ulionyooka ushike, huo ni wako.

Jambo la mwisho ni la kesho. Basi la Mwanza linapita Kibondo. Sikukukatia tiketi ya kuanzia hapa, nimekukatia ya kuanzia Kibondo. Mpaka hapo tutakwenda na gari letu na utaendesha wewe, kwa mwendo wa mtu anayejifunza, barabara ileile, ambayo sasa sehemu kubwa ni lami. Mwenye lena lazima awe na mwenye leseni pembeni yake. Tuko wawili. Yangu ipo. Ya mjomba nayo ipo hai. Nilimwuliza, akasema anaihuisha kila inapofika mwisho, ingawa hajashika usukani tangu siku ile. "Mtu haachi meno yaoze kwa sababu hana nyama," alisema.

Atalala hapa leo, na kesho atarudi nasi upande wa Kibondo. Sijamwambia akae wapi. Mimi nitaingia nyuma, kwenye mabegi. Kiti cha mbele nitakiacha wazi, na yeye ninavyomjua atasimama nje ya gari akijifanya anatazama matairi, mpaka mtu amwite.

Mimi sitamwita. Gari litakuwa lako.

Mama yako